Chumba Kilichoomba Taa Saa Sita Mchana

Nakumbuka siku moja, saa sita mchana, jua likiwa utosini na kivuli cha kila mtu kimejificha chini ya miguu yake, nilimsikia nesi akipiga kelele kutoka ndani ya jengo nililolijenga kwa mikono yangu: "Taa! Jamani, hakuna mwenye taa?"

Mwanangu, soma tena hapo. Saa sita mchana. Mimi nilikuwa nje, nimekaa kwenye ukingo wa kibaraza, jua linaniunguza shingo mpaka nimejifunika shati kichwani. Hatua nne tu kutoka pale, nyuma ya ukuta wangu, mtu aliyekuwa akipigania uhai wa dada yangu haoni vidole vyake. Miaka imepita. Magoti yangu siku hizi yanalalamika nikipanda jukwaa la kupigia plasta. Lakini nikiikumbuka ile sauti, ni kama naisikia siku ileile.

Ngoja nikueleze mimi ni nani, usije ukadhani nakuhubiria tu. Mimi ni fundi uashi, mzaliwa wa milimani Uluguru. Wazazi walitutoka nikiwa darasa la sita, mama akatangulia, baba akamfuata kabla hata watu wa msiba hawajarudisha vyungu vya kuazima. Tulibaki watoto wanne, mimi mkubwa. Madaftari yangu nikayaweka juu ya uchaga na sikuyashusha tena. Nilikwenda kubeba udongo na matofali kwa Mzee Mkude, fundi aliyejenga nusu ya nyumba za bonde letu, ili wadogo zangu wale na wasome. Sijawahi kujuta kwa hilo. Veronika, dada yangu wa pekee, ni wa tatu kuzaliwa. Nilikuwa namsuka nywele mimi mwenyewe, vibaya sana, akawa anachekwa shuleni na bado kesho yake analeta kichwa nimsuke tena.

Na sisi Waluguru, kama hujui, ukoo wetu tunauhesabu kwa upande wa mama. Watoto wangu ni wa ukoo wa mama yao. Mtoto wa dada yangu ndiye wa nyumba yetu. Kwa hiyo siku ile nyumba nzima ya marehemu mama yangu ilikuwa imelala juu ya godoro moja, ndani ya chumba nilichokijenga mimi.

Sasa nikuambie kosa lenyewe, maana halikuwa la bahati mbaya. Nililifikiria, nikalipanga, nikalijenga kwa timazi, ile kamba ya fundi ya kunyooshea ukuta.

Mwaka ule nguzo za umeme zilipanda mlima kwetu kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo kijiji kiliamua kujenga zahanati, kila kaya ikaleta mawe na mchanga, na mimi nikachaguliwa kuwa fundi mkuu. Nilikuwa kijana bado, nimeshaachana na Mzee Mkude na kuanza kuchukua kazi zangu, na kifua kimenijaa. Ramani ililetwa kutoka wilayani. Chumba cha kujifungulia kilichorwa kikiwa na madirisha mawili makubwa yanayotazama bondeni. Nikaitazama ile ramani nikacheka.

"Mwenyekiti," nikamwambia mzee aliyeongoza kamati ya ujenzi, "hawa waliochora hii hawajawahi kulala huku mwezi wa saba."

"Kweli kabisa. Upepo wa huku unaingia mpaka kwenye mifupa."

"Halafu njia ya mashambani inapita hapohapo chini. Mama anajifungua, watu wanapita na majembe yao wanachungulia?"

"Aibu hiyo, fundi."

"Na umeme tunao."

Hilo ndilo lililofunga mazungumzo. Umeme tunao. Wajumbe wote wakatikisa vichwa kukubali. Nikaziba madirisha yote mawili kwa tofali, na badala yake nikaacha upenyo mmoja mwembamba juu kabisa, chini ya paa, wa kupitisha hewa. Hata huo upenyo nikauweka upande wa mlimani, ambako kingo za paa zinaufunika, na mlango wa chumba ukafungukia ukumbini, si nje. Kuta za ndani nikazipiga plasta ya saruji tupu, rangi ya kijivu, nikaiacha hivyo kwa sababu niliona inapendeza.

Siku ya uzinduzi ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Mwenyekiti akabonyeza swichi, taa tatu ndefu zikawaka, akina mama wakapiga vigelegele na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Tulikuwa watu wengi pale, wengine wamesoma. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini tumehitaji kuwasha taa tatu ili tukione chumba saa nane mchana. Hili bado linanishangaza kuliko yote. Hatukulala, hatukulewa. Tulisimama tukalishangilia giza kwa sababu lilikuwa na swichi. Taa ya chemli aliyokuja nayo nesi wakati anahamia kwetu ikapelekwa stoo, kwa maelezo kwamba mambo ya chemli yamekwisha.

Siku ya Veronika ikafika. Mumewe alikuwa Dakawa kwenye mavuno ya mpunga, kwa hiyo mzigo ulikuwa wangu. Uchungu ulimwanza alfajiri. Tukamshusha kwa machela mimi na majirani watatu, njia inateleza, maana juzi yake mvua ilikuwa imepiga vibaya. Mvua hiyohiyo ndiyo iliyoangusha mti juu ya nyaya kule bondeni, na umeme ulikuwa haujarudi. Sikuliwaza hilo hata kidogo. Nilikuwa nawaza njia.

Nesi Mariamu alikuwa mtu wa Tabora, mfupi, mwepesi wa maneno. Alipotupokea alisema tu, "Mleteni. Nyie wanaume mbaki nje." Tukabaki nje. Asubuhi ikapita. Karibu na saa sita nikasikia mtoto analia, na majirani wakanipiga piga mgongoni, "Hongera mjomba! Hongera!" Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kile kicheko hakikumalizika.

"Taa! Jamani, hakuna mwenye taa?"

Tukatazamana. Jirani mmoja akauliza, "Taa ya nini saa hizi?"

Nesi akatokeza mlangoni. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. "Amechanika," akasema. "Damu haikati, na mimi sioni inatoka wapi. Nipeni tochi. Simu ya tochi, chochote."

Mimi nilikuwa na kitochi changu, simu ndogo ya tochi, mfukoni. Kimezima tangu jana yake. Vya wenzangu pia vimezima, kijiji kizima hakikuwa na mahali pa kuchaji. Mtu akakimbilia stoo akarudi na ile chemli. Kavu, haina hata tone la mafuta, utambi umekakamaa. Dukani kwa mafuta ya taa ni mteremko mrefu kwenda, na mlima kurudi.

Nesi alinitazama. "Wewe ndiye fundi wa hapa?"

"Ndiyo, dada."

"Njoo ushike godoro."

"Mimi ni kaka yake, siwezi kuingia humo."

"Fumba macho ukitaka, lakini shika!"

Kwetu, mwanangu, kaka haingii alipo dada yake anayejifungua. Si jambo la kuzungumzwa, ni jambo lisilokuwapo. Niliingia. Kizingitini nikayafumba macho kwa heshima yake, nikatembea nikipapasa, nikajigonga kwenye meza. Nikaona nitamkanyaga, nikayafumbua. Niliyafumbua macho na hapakuwa na tofauti. Palepale, jua la saa sita likiwaka nje, mimi nilikuwa kama niliye ndani ya gunia. Nilisikia damu ikidondoka sakafuni kabla sijaona kitanda kiko wapi.

Tukalishika godoro kwenye pembe nne, mimi, nesi na wawili kati ya wale majirani, wenye mikono imara, tukamtoa nje hivyohivyo. Veronika alikuwa amelegea, kichwa kinayumba. Tukamweka nyuma ya jengo, karibu na pipa la maji, penye jua tupu.

Na njia ile ya mashambani, ile niliyoihofia kwenye kikao, ilikuwa na watu. Akina mama walikuwa wakishuka na matenga ya kabichi na mafungu ya figili kwenda gulioni. Wakaona. Sikuwaita. Walitua mizigo yao kama waliopewa amri, wakavua khanga zao za mabegani, wakasimama duara wakazitandaza kuwa ukuta.

"Wewe kaka mtu, geuka huko!"

"Geuka kabisa, uso ukutani!"

"Nyie wa upande wa juu shusheni hizo khanga, mnamzibia nesi jua!"

"Nani kambeba mtoto? Nileteeni huyo."

Nikageuka. Nikasimama uso kwa uso na ukuta wangu, pua inakaribia kugusa plasta. Nilijua nimesimama wapi. Mbele ya macho yangu palikuwa mahali ambapo ramani ilichora dirisha la kwanza. Nilikuwa nimepaziba kwa ustadi mkubwa, huwezi kuona hata alama ya kiungo. Nyuma yangu nilimsikia nesi, "Vuta. Shika hapa. Nimeiona sasa, nimeiona, nipe uzi." Kisha mbele yangu ukuta ukabadilika rangi. Wingu lilikuwa linapita.

Huku milimani mawingu hayapiti juu tu, yanashuka yakakaa na watu. Nilisikia nesi akisema taratibu, "Subirini. Mkono nimeuweka, msisogee." Nikapindua shingo kutazama juu, na nikaona akina mama wote, khanga mikononi, wamepandisha nyuso zao angani. Hakuna aliyeomba kwa sauti. Mtu wangu wa pekee aliyebaki na sura ya mama alikuwa anamwaga damu nyuma yangu, na sisi tulikuwa tunalisubiri wingu liamue. Nilibana ukucha kwenye plasta mpaka ukavunjika.

Wingu likaondoka. "Haya," nesi akasema. Baada ya muda ambao siwezi kuupima akasema, "Imekata."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mtoto walikuwa wamemlaza kwenye tenga, juu ya majani ya kabichi, amefungwa khanga, na mwanamke mmoja akasema, "Huyu wala asitafutiwe jina, ni Kabichi." Wenzake wakacheka kwa nguvu, kicheko cha watu walioogopa sana. Kisha bibi mmoja mwenye figili akanigeukia, akajifunga khanga yake yenye damu kiunoni bila hata kuitazama. "Fundi," akasema, "jengo lako lina usiku wake lenyewe." Akajitwika mzigo, akaenda gulioni.

Jioni ile, jua bado halijazama, wakaniruhusu kumwona Veronika. Walikuwa wamemlaza kwenye ukumbi wa mbele, karibu na mlango. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Kaka, nilikuwa nakuita mle ndani. Hukunisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilidhani usiku umeingia," akasema. "Nilipoacha kuona uso wa nesi nikajua ndiyo nakufa. Nikasema, kumbe nimekaa humu mchana kutwa, sasa ni usiku, na nakufa."

Utamwambiaje mdogo wako, uliyemlea kwa uji na kwa mabega yako, kwamba ule usiku aliouona ulikuwa wa tofali, na aliyezipanga ni wewe?

Kesho yake shemeji alifika kutoka Dakawa, ametembea sehemu ya mwisho kwa mguu, kichwani kabeba mchele mpya wa mkewe. Nyuma yake akaja Mzee Mkude na fimbo yake. Habari zilikuwa zimeshamfika. Nilimwamkia, "Shikamoo Mzee," akaitikia "Marahaba" huku akitazama kuta, hanitazami mimi. Akaingia chumba kile, akakaa ndani yake kwa muda mrefu. Akatoka, akamwomba shemeji vibaba viwili vya mchele na akina mama wampe ungo. Ulikuwa mchele wa kukobolewa karibuni, bado una mawe yake. Akamwita mwenyekiti. Akatuingiza wote wawili mle ndani, akatukalisha kitandani, ungo katikati.

"Chambueni."

"Mzee, umeme bado..." mwenyekiti akaanza.

"Ni saa nne asubuhi. Chambueni."

Tukachambua. Nakwambia, watu wazima wawili, tumeinamisha vichwa mpaka vinagongana, tunapapasa punje kwa vidole. Nilipotaka kusogea mlangoni, fimbo ikanirudisha. Akauchukua ule mchele, akawapa akina mama, ukapikwa. Ukapakuliwa kwenye sahani mbili, yetu sisi wawili peke yetu, mbele ya kila aliyekuwapo. Tonge la kwanza tu mwenyekiti akauma kitu, ukasikia kabisa, kra. Akashika shavu.

"Mzee, unatulisha mawe?"

"Sijawalisha mimi. Mmechambua wenyewe, mchana, kwenye jengo lenu jipya."

"Lakini umeme ukirudi..."

"Ukirudi utayatoa tumboni?" Watu wakacheka. Mzee Mkude hakucheka. Akanigeukia mimi. "Ninyi mmeshindwa kuona jiwe kwenye ungo. Yule binti wa Tabora mlitaka aone mshipa."

Mwanangu, nimepigwa maishani, nimetukanwa na wenye nyumba. Hakuna kilichowahi kuniingia kama maneno yale. Kwa sababu nilikuwa naijua ile kazi ya ungo. Ilikuwa desturi yake. Kila nyumba aliyoijenga, akishaezeka na kabla hajapiga plasta, alimwomba mama mwenye nyumba aje na ungo wa mchele akae katikati ya kila chumba. Mama akichambua bila kusogea, chumba kimekubaliwa. Mama akijikuta anaburuta kigoda kuelekea mlangoni, Mzee Mkude anabomoa na kupanua dirisha siku hiyohiyo, kwa gharama yake. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi nikiwa saidia fundi, na niliiona kuwa michezo ya wazee. Nilipopata kazi yangu mwenyewe, tena ya jengo la umma, niliona haya kumwita mama wa watu na ungo mbele ya kamati.

Nikachukua nyundo na patasi siku ileile. Mwenyekiti, sijui hata alipata wapi ujasiri, akauliza, "Na baridi je?" Mzee Mkude akamjibu, "Baridi inazuiwa na kioo. Giza utalizuia na nini?" Nikabomoa. Nilibomoa kwa siku tatu, bila ujira. Nikarudisha madirisha yote mawili upande wa bondeni kama ramani ilivyotaka. Nusu ya chini tukaweka kioo chenye ukungu, kinachoingiza mwanga na hakionyeshi mtu, na mbona hicho kilikuwapo madukani mjini Morogoro siku zote, ni mimi tu sikuuliza. Kuta nikazipaka chokaa nyeupe mara mbili. Nilipomaliza kupaka mkono wa pili nilisimama katikati nikashtuka upya: mwanga ulikuwa unaingia dirishani, unagonga ukuta, unarudi mpaka chini ya kitanda. Chumba ni kilekile. Mlima ni uleule.

Umeme uliporudi, Nesi Mariamu alibandika plasta ya kidonda juu ya swichi za chumba kile ili mtu asiziwashe mchana kwa mazoea. Uniti za luku, umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia, zilizokuwa zinaisha kabla ya mwezi zikaanza kuvuka mwezi, na nyingine akazipeleka kwenye jokofu la chanjo, ambalo ndilo hasa lenye shida ya umeme. Baada ya miaka michache Veronika alijifungua tena mlemle. Nilikuwa nje kama kawaida. Nesi akapaza sauti kutoka ndani, "Mjomba, ni wa kike, na ana kidoti sikioni!" Alikiona kidoti. Sikioni. Bila taa. Nilikaa chini nikalia, watu wakadhani nimefiwa.

Ningependa kukuambia kwamba tumejifunza. Lakini mwaka huu huu niliitwa mjini kupiga plasta kwenye ghorofa moja la ofisi. Mchana kweupe, mafundi tunafanya kazi ghorofa ya pili na balbu zimewashwa kila kona. Vyumba vya katikati havina dirisha lolote, vyenye madirisha vimewekewa kioo cheusi, na swichi moja inawasha taa za ukumbi mzima, za karibu na dirisha na za mbali pamoja. Nikamwambia kijana msimamizi, mpole, msomi, kwamba watu watakaofanya kazi humu hawatajua kama nje ni asubuhi au jioni. Akatabasamu. "Mzee wangu, umeme tunao."

Mwiko wa plasta ulinitoka mkononi. Ni maneno yangu. Yaleyale, kwa uhakika uleule, kwenye kinywa cha mtu ambaye huenda siku ile hakuwa amezaliwa. Nilimwomba anisikilize dakika kumi, nikamsimulia haya unayoyasoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia ramani imeshapitishwa, lakini swichi bado zinaweza kutenganishwa. Zilitenganishwa. Ni kidogo. Nilishukuru.

Basi, mwanangu, wewe utakayejenga, au utakayepanga chumba kimoja tu, sikia ninachokuomba. Kabla hujafikiria taa, fikiria jua linapita wapi. Huku kwetu kuta ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, ili mwanga uingie siku nzima na jua kali la asubuhi na jioni lisikuchome, na kingo za paa zitokeze vya kutosha. Dirisha lipande juu karibu na dari, maana linalopanda juu ndilo linalofikisha mwanga ndani kabisa. Kuta na dari zipakwe rangi nyeupe au ya kukaribia. Chumba kikizungukwa pande zote na vingine, toboa juu, weka bati moja linalopitisha mwanga. Kila safu ya taa iwe na swichi yake, ili iliyo karibu na dirisha ilale mchana. Kama nyumba imeshajengwa, usikate tamaa: sogeza kabati lililoziba dirisha, fungua pazia zito asubuhi, futa vumbi la kioo. Yote hayo hayahitaji fundi.

Na mtu akikuambia dirisha la nini wakati umeme upo, usimdharau, maana huyo alikuwa mimi. Mshike mkono, mwingize chumbani mchana, zima taa, umwache aone mwenyewe. Umeme ni mzuri, nami ninautumia. Uwekwe kwa saa zake. Kila taa tunayoiwasha bure mchana ni umeme ulioondolewa mahali unapohitajika, na siku utakapokatika, kitakachobaki ni kile alichokiacha fundi ukutani.

Mungu akubariki, mwanangu. Aibariki mikono yako isizibe, kwa kiburi, mahali palipotakiwa kuwa wazi. Akujalie kusikia unaporekebishwa mapema, kabla hajaumia mtu. Watoto wasome ndani ya kuta zako bila kukunja nyuso, wagonjwa wapone humo, na wewe mwenyewe ukishazeeka na macho yako yamechoka, ukae chumbani mwako mchana, na kila mjukuu atakayeingia umtaje kwa jina kabla hajasema shikamoo.